Foleni Nne za Meno

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza shajara. Watu wakubwa wote huwa nayo. Wakifa, inasomwa.

Kwanza mambo yalivyo. Nafanya kazi kwenye karakana ya Mjomba, ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi za nyumba. Tunatengeneza meno ya bandia. Madaktari hutuletea vipimo vya vinywa vya watu, tunavimwagia plasta, linatoka taya jeupe, na juu ya taya hilo tunaunda meno. Kila taya lina namba yake. Bila namba, taya ni taya tu.

Mjomba ndiye mwenye karakana. Msasa ndiye anayesugua meno mpaka yang'ae. Jina lake halisi nalijua ila sioni sababu ya kumpa heshima hiyo. Mimi napokea simu.

Asubuhi Mjomba katangaza kuwa mgongo umemshinda, anatafuta msimamizi. Atachagua kabla mwezi haujaisha. Ama Msasa, ama mimi. Msasa akatabasamu, akaendelea kusugua. Tabasamu la mtu aliyekwisha pimwa koti.

Na kuna la pili. Mama wa mchumba wangu kamwambia binti yake kwamba hawezi kumtoa kwa mtu ambaye kazi yake ni kusema "haloo". Mama huyu hajawahi kuonekana akicheka. Hata kwenye picha za harusi yake amekaa kama anayesubiri matokeo ya mtihani. Kwa sasa ni kibogoyo, na meno yake yako mezani kwetu yanatengenezwa. Nilimwandikisha mwenyewe. Nilimwita Mama Mkwe. Akasema niliandike jina lake kama lilivyo.

Dawa ya yote mawili ni moja: cheo.

Mpango: nitaiingiza karakana nzima kwenye kompyuta. Nasoma chuo cha jioni, somo la programu, lugha ya C. Ni lugha ya kuiamrisha kompyuta. Msasa hajui hata pa kuiwashia. Kwisha habari yake.

Jumanne, 4 Machi

Kazi imeanza. Wateja arobaini wako kwenye kadi, kadi ziko kwenye boksi la viatu. Kila kadi ina vitu vinne: jina, namba ya taya, rangi ya meno, siku ya kuchukua.

Nimebuni njia yangu mwenyewe. Katika C kuna kitu kinaitwa safu. Safu ni foleni tu: vitu vya aina moja vimesimama kimoja nyuma ya kingine. Basi nimepanga foleni nne. Foleni ya majina. Foleni ya mataya. Foleni ya rangi. Foleni ya siku. Aliye wa saba kwenye foleni ya majina, taya lake ni la saba kwenye foleni ya mataya. Rahisi! Nashangaa walionitangulia walikuwa wanafikiria nini.

Jioni chuoni. Mwalimu wetu ni mama mwembamba asiyepandisha sauti hata akikuta umelala. Akasema leo tunaanza mada ya miundo, yaani namna ya kuziweka taarifa za mtu mmoja mahali pamoja. Akasema asiyeielewa mada hii atakuja kulia siku moja mbele za watu.

Niliona ni nafasi nzuri ya kutoka, maana fundi mihuri hufunga mapema. Nikamwambia Mwalimu tumbo linaniuma. Akasema pole, ila niliambie tumbo langu lichague siku nyingine.

Muhuri umetoka vizuri sana. MKUU WA KITENGO CHA KOMPYUTA. Niliujaribu kwenye kiganja. Wino hautoki kwa sabuni. Sawa tu.

Jumatano, 5 Machi

Nimeingiza majina siku nzima. Kila Msasa akipita anapuliza vumbi la meno kwenye kibodi. Akiulizwa anasema anapumua. Mchana herufi R ilikwama. Wateja wenye R kwenye majina yao waliishi bila R mpaka saa tisa, nilipoikwamua kwa sindano.

Birika la chai nalo limehamia upande wake wa meza. Nimelinyamazia. Mtu mwenye kitengo hagombei birika.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi!

Nilimwonyesha Mjomba majina yote kwenye skrini. Akavaa miwani, akatazama sana. Akasema ni vizuri, lakini mbona yamekaa ovyoovyo? Hayawezi kufuata alfabeti? Msasa akadakia kwamba kadi zake zilikuwa zinafuata alfabeti tangu mimi niko shule ya msingi, mpaka nilipozimwaga mezani.

Niliketi nikaandika amri ya kupanga. Nikabonyeza. Majina yote yakasogea yenyewe, A juu, Z chini, foleni ikanyooka kama gwaride. Foleni nyingine tatu sikuzigusa. Nizichokoze kwa nini? Zilikuwa zimetulia.

Mjomba akanipiga bega. "Mpwa wangu, umeniheshimisha." Nimeyaandika maneno haya jinsi alivyoyasema.

Msasa asije akaturudisha kwenye zama za kadi, nimelimimina boksi zima kwenye gari la taka lilipopita. Nikalisindikiza kwa macho hadi kona.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na mkuu ni nani? Tazama muhuri.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya kugawa meno. Kompyuta imechapa vikaratasi: jina, namba ya taya, rangi. Kila boksi la meno lina namba ya taya lake ubavuni. Kazi ya Msasa ilikuwa kutafuta namba na kufunga kikaratasi. Hata mtoto angeweza.

Akafika boksi moja, akasimama. Akayatazama meno, akatazama kikaratasi, akanitazama mimi. Akauliza kama nina uhakika mwenye meno haya ni mwanamke. Nikamwambia kompyuta haiangalii jinsia. Akasema, "Haya, bosi," akafunga fundo zuri kuliko yote niliyowahi kumwona akifunga. Kisha akanimiminia chai. Nadhani ameanza kuikubali hali.

Wateja walikuja mfululizo. Wengine walisema yanabana, wengine yanapwaya. Niliwaeleza kuwa meno mapya ni kama viatu vipya, huzoea mguu. Mzee mmoja akaniambia viatu vyake havijawahi kumziba pua. Watu wana maneno.

Boksi la Mama Mkwe nililipeleka mwenyewe, nikamkabidhi mchumba getini. Nilikuwa nimelipiga muhuri pande zote sita. Mchumba akauliza kitengo hicho kina watu wangapi. Nikamwambia kwa sasa kinakua.

Jumapili, 9 Machi

Mama Mkwe amecheka!

Narudia ili nisije nikasahau: amecheka. Amenifungulia mlango mwenyewe, meno yote nje. Tukaketi sebuleni. Bado anacheka. Nikamweleza kuhusu kitengo. Anacheka. Nikamweleza marehemu baba alivyougua mpaka mauti yakamfika. Anacheka. Nikajua huyu ni mama mwenye imani, haruhusu huzuni ndani ya nyumba yake.

Maneno yake yalikuwa machache na hayakunyooka. Yalitoka kama ya mtu aliyeingiza kichwa mtungini, na kila mara aliziba mdomo kwa mkono. Haya. Mama mwenye haya! Nilinasa "mm-mm", nikanasa "ah-ah", na mara kadhaa nikanasa neno kama "hafana". Nikaelewa ni hapana shaka.

Nikapiga moyo konde. Nikamwuliza kama naweza kuwaleta wazee wangu mwezi ujao tuyazungumze ya ndoa. Akatikisa kichwa kwa nguvu, kushoto kulia, kushoto kulia, huku amekenua. Alikuwa haamini bahati yake. Nikamshukuru. Akatikisa tena. Nikamshukuru tena. Tukaendelea hivyo kwa muda.

Mchumba alikuwa anamtazama mama yake, ananitazama mimi, anatazama dari. Aliponitoa hadi getini akasema ana wasiwasi. Mama anacheka hivyo tangu Ijumaa. Amemkuta anacheka akiwa amelala. Nikamwambia furaha ikimfikia mtu mzima ghafla ndivyo inavyokuwa, asimbughudhi.

Nimempigia Mjomba aandae hotuba.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefika kazini, nimemkuta Dalali mlangoni.

Dalali ni mteja wetu, mtu wa mnada, pande la mtu, mdomo mpana kama droo. Kwa kawaida akikusalimu kwenye ngazi, vioo vya duka la rangi hutikisika. Leo alifungua kinywa nikasikia mluzi wa birika. Akachoka kujieleza. Akayatoa meno, akayaweka juu ya daftari langu la simu, ndipo tukaelewana.

Ilikuwa hivi. Jumamosi alikuwa ananadi kabati kubwa la kioo. Ndiyo kwanza mteja mmoja ametaja bei, tena kwa mzaha. Dalali akapanua kinywa kuwachochea wengine wapande, meno yakachomoka, yakatua mezani: ko! Watu wakadhani ni nyundo. Mnada ukafungwa. Kabati likabebwa kwa bei ya mzaha, na mwenye kabati alikuwa huko chini anatafuta pa kuegesha gari, anakuja.

Nikamwambia meno ni kama viatu.

"Kijana," akasema, "mguu wangu ni namba kumi na mbili. Hizi ulizonipa ni ndara za mtoto."

Nyuma yake ngazi nzima ilikuwa imejaa. Alikuwepo mwalimu mkuu mstaafu ambaye kila akitamka S anapiga filimbi. Alijieleza kwa sentensi ndefu. Mbwa wa mlinzi wa chini alipanda ngazi mara mbili kuja kuuliza anaitiwa nini. Alikuwepo mama muuza vitambaa ambaye meno yake ya juu na ya chini hayajawahi kukutana. Alikuwepo yule mzee wa pua.

Mjomba akatoka ndani na vumbi lake la plasta. Akachukua meno ya Dalali, akasoma kikaratasi, akaleta taya lenye namba ile, akayabandika. Yakakaa kama yamezaliwa hapo. Akafanya vilevile kwa mwalimu mkuu. Yakakaa. Basi meno hayakuwa na kosa na mataya hayakuwa na kosa. Kosa lilikuwa watu.

"Mpwa," akasema, "lete kadi."

Nikamweleza habari za kadi. Nilianzia mbali, kwenye maendeleo kwa jumla. Nilipofika kwenye gari la taka, Mjomba aliketi kwenye kiti cha wateja.

Msasa akasema yeye aliona tangu Ijumaa kwamba meno makubwa kama kwato yameandikiwa mama wa mchumba wangu, ila alidhani ndivyo kompyuta ilivyopanga. Wahenga walisema meno ya mbwa hayaumani. Wahenga hawakufanya kazi na Msasa.

Kisha maneno yake yakaniingia. Meno makubwa. Mama wa mchumba wangu.

Mama Mkwe hakucheka. Mama Mkwe alishindwa kufunga mdomo.

Jumanne, 11 Machi

Niliwahi chuoni kabla ya wenzangu, nikampa Mwalimu programu yangu niliyoichapa kwenye karatasi. Akaisoma taratibu, kalamu mkononi. Alipofika kwenye amri ya kupanga, akaiweka kalamu chini. Akaniuliza Jumanne iliyopita nilikuwa wapi. Nikasema tumbo. Akasema anaona.

Hakunifokea. Ingekuwa nafuu. Aliniuliza: watu wamesimama foleni moja, mizigo yao imepangwa foleni ya pili. Ukiwahamisha watu ukaiacha mizigo pale pale, nani atabeba mzigo wa nani?

Nikasema inategemea.

Akasema haitegemei. Mtu husafiri na mzigo wake. Basi mshonee mfuko: ndani tia jina, tia taya, tia rangi, tia siku. Mfuko huo ndio muundo. Akaniandikia ubaoni, neno *struct*, kisha jina la mfuko, mteja, kisha mabano, na ndani ya mabano vile vitu vinne, kila kimoja na aina yake: jina ni herufi, taya ni namba, na kadhalika. Mwisho wa mabano nukta mkato, wengi huisahau. Ukitaka jina la mteja unaandika mteja, nukta, jina. Ukiusogeza mfuko, vyote vilivyomo vinasogea. Ukiupanga mfuko, vyote vinapangika. Hakuna jino linaloachwa nyuma.

Nikamwuliza kama hakuna namna ya kufanya bila mfuko. Akasema ipo. Hata mchuzi unaweza kuubeba kwa viganja.

Kabla sijatoka akauliza wagonjwa wanaendeleaje. Nikamwambia hawalalamiki sana. Hawawezi.

Jumatano, 12 Machi

Mjomba ameamua: wateja wote waitwe kesho, kila mmoja apimwe upya kwenye mataya mpaka apatikane mwenye lake. Kazi yangu ni kuchapa barua za wito kwa kompyuta, kila barua na jina, mtaa na saa ya kufika. Hii ni nafasi yangu ya mwisho. Hakuisema hivyo, lakini alinitazama hivyo.

Nikaandika muundo. Nikaweka mabano. Nikaweka ile nukta mkato. Ikakubali mara ya kwanza! Nikaingiza wateja mmoja mmoja kutoka kwenye daftari langu la simu, nikimwacha Dalali wa mwisho kwa sababu sikutaka kuanza asubuhi na yeye. Nikabonyeza kuchapa. Barua arobaini. Nikazipiga muhuri, nikazifunga, nikampa tarishi wa pikipiki.

Saa nane simu ikalia. Ni Dalali, amepiga bila meno ili aeleweke. Akasema amepokea wito. Akasema amepokea wito mwingine. Akasema tarishi bado yuko getini kwake anateremsha, na majirani wameanza kuuliza kama ameshtakiwa.

Kumbe nilishona mfuko mmoja tu. Kila mteja niliyemtia alimfukuza aliyemtangulia. Wa mwisho kuingia alikuwa Dalali, akabaki humo peke yake. Kompyuta ikamchapa mara arobaini. Nilitakiwa kushona foleni nzima ya mifuko, mteja mmoja mfuko mmoja. Mwalimu alikuwa amelisema hilo. Nilikuwa nakunja karatasi.

Ndipo alipoingia mkaza mjomba, mke wa Mjomba, ambaye kwa kawaida huja mwisho wa mwezi tu kukagua hesabu. Akasikiliza habari yote amesimama, mkoba mkononi. Akanyoosha mkono. Nikampa simu. Akawapigia wote mwenyewe. Alimaliza kabla chai haijapoa, na siku hizi birika liko mbali na mimi, chai hunifikia ikiwa tayari vuguvugu.

Alhamisi, 13 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Mapokezi yamejaa viti. Kwenye viti, vibogoyo wamekaa kimya, kila mmoja na mkono mdomoni. Mezani, mabakuli ya maji, ndani ya kila bakuli meno na namba yake. Mjomba anapita na taya moja moja, anatazama kinywa, anatazama plasta, anaguna. Mkaza mjomba anaandika. Msasa anasuuza. Mimi nimepewa taulo nigawe.

Mama Mkwe alikuja na mchumba. Hakunitazama. Mkaza mjomba akamketisha kwenye kiti kilichokuwa wazi, kando ya Dalali. Wakaamkiana kwa kichwa, watu wawili wasiojuana. Mjomba akachungulia kinywa cha mmoja, akachungulia cha mwenzake, akasimama katikati yao akifikiri. Kisha akachukua mabakuli mawili, akayabadilisha mikono.

Dalali akavaa. Akapanua kinywa, akafumba. "Naam!" akasema. Vioo vya duka la rangi vikaitika huko chini.

Mama Mkwe akavaa. Midomo yake ikakutana. Uso wake ukarudi taratibu, ule wa picha za harusi. Sijawahi kufurahi hivyo kuona mtu amenuna. Kisha akanigeukia.

"Kijana."

"Naam, Mama."

"Jumapili nilikwambia hapana. Leo umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Nilikwambia mara ngapi?"

"Sikuhesabu, Mama. Nilikuwa nashukuru."

Vichwa vyote vikanigeukia. Hata Msasa alifunga bomba. Na hapo Dalali, ambaye hajaonja sauti yake tangu Ijumaa, akashindwa kujizuia. Akainuka.

"Hapana mara ya kwanza!" akanguruma. "Hapana mara ya pili! Kuna anayepanda?"

Nilitazama taulo. Ilikuwa ya bluu.

"Ndiyo," ikasema sauti.

Nikainua macho. Mchumba alikuwa ameinua mkono, kama mtu anayenunua kabati.

"Ndiyo kutoka kwa dada pale! Kuna anayepanda juu ya ndiyo?" Hakuna aliyepanda. Vibogoyo walikuwa wametoa mikono midomoni ili waone vizuri. Dalali akagonga meza kwa kifundo cha kidole. "Imekwenda!"

Mama Mkwe hakucheka. Niliitazama pembe ya mdomo wake kwa muda mrefu, haikusogea. Akamwambia binti yake kwamba mnada si ndoa. Akaniambia mimi niende kwake nitakapokuwa na kazi ambayo yeye anaweza kuitaja mbele za watu bila kushusha sauti. Lakini neno hapana hakulirudia.

Kwenye ngazi nilimwuliza mchumba kwa nini aliinua mkono. Akasema wiki nzima alikuwa na mama anayecheka, hakumzoea. Mimi angalau niko vilevile kila siku. Nimelifikiria jibu hili. Nimeamua ni sifa.

Ijumaa, 14 Machi

Asubuhi Mjomba alimtangaza Msasa kuwa msimamizi. Msasa alivaa koti. Kumbe kweli alikuwa amepimwa.

Saa sita mkaza mjomba akamwuliza jambo dogo tu: aliona lini kwamba meno yamekosea? Msasa akasema Ijumaa, kwa fahari. Akaulizwa alimwambia nani. Msasa akasema hakuulizwa. Mkaza mjomba akamtazama mumewe, mumewe akageuka kama anayeutafuta mgongo wake, akatazama ukuta.

Msimamizi ni mkaza mjomba. Amekaa mezani kwa Mjomba, ameondoa mto aliokuwa akiegemezea mgongo. Msasa amerudi kwenye kusugua, mimi kwenye simu. Alasiri tulijikuta tunakunywa chai pamoja kwenye birika moja. Koti lake limetundikwa kwenye msumari. Ni koti zuri.

Jioni nilimaliza programu kwa msaada wa Mwalimu. Foleni moja ya mifuko. Jina, taya, rangi, siku, vyote ndani. Nikaipanga kwa alfabeti. Kila mtu akahama na meno yake! Mkaza mjomba aliikagua mteja kwa mteja, akasema inafaa kutumika. Akanitaka pia niandike kadi mpya, kwa mkono, zote, na boksi likae kwake.

Nakiri nimefunzwa. Pupa ni mbaya. Kilicho cha mtu mmoja kikae pamoja. Masomo hayaachwi katikati. Najiona nimekuwa mtu mwingine kabisa.

Jumamosi, 15 Machi

Habari njema!

Ng'ambo ya barabara kuna fundi miwani. Leo mchana alikuja kwetu kuazima ngazi, akalalamika kuwa wateja wamemzidi, hajui tena lenzi ipi ni ya nani. Nikamkalisha. Nikamwonyesha programu ya meno, jinsi majina yanavyokwenda. Akashangaa. Akasema laiti angekuwa na mtu kama mimi. Nikamwambia mtu kama mimi anapatikana Jumamosi na Jumapili, cheo chake ni Mkurugenzi wa Mifumo, na cheo hicho Mama Mkwe anaweza kukitaja hata sokoni. Tumepeana mikono.

Nimeshaanza kuchora mpango. Suala la mfuko nimelitafakari kwa makini. Mwalimu yuko sahihi, kwa upande wa meno. Meno ya mtu yamezoea kukaa pamoja, huwezi kuyatenganisha. Lakini macho ni mambo mengine. Yako mawili, na fundi mwenyewe kaniambia kila jicho lina namba yake, halimtegemei mwenzake. Ya nini basi kuyabananisha kwenye mfuko mmoja?

Kwa hiyo: foleni ya macho ya kulia, foleni ya macho ya kushoto. Nitayapanga kuanzia lililo zima mpaka lililochoka kabisa, yapendeze kwenye skrini. Majina nitayatafutia nafasi baadaye.

Na hakuna hatari yoyote. Jino linaweza kuingia kinywa kisicho chake, hilo nimeliona kwa macho yangu. Lakini nani amewahi kusikia jicho limemhama mtu?